Neno Nililomsomea Bi Tatu

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ninaoishi sasa kuomba barua ya utambulisho. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja asiyejua kuandika. Karani alimshika kidole gumba, akakikandamiza kwenye kidau cha wino, kisha akakipeleka kwenye karatasi taratibu kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Harufu ya ule wino ikanifikia pale nilipokaa. Waliokua zama zetu wataikumbuka: kali kidogo, tamu kidogo, inang'ang'ania puani kama spiriti ya hospitali. Nikanyanyuka, nikatoka nje, nikaegemea ukuta. Karani akaita, "Dada, zamu yako hiyo!" Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Barua alikwenda kunichukulia mume wangu, na aliponiuliza nilipatwa na nini nikasema foleni ilikuwa ndefu. Sikuweza kumweleza habari za mwaka ule niliokuwa darasa la nne.

Tulikuwa tunaishi kwenye kota, nyuma kidogo ya soko la Kariakoo, umbali ambao mtoto aliyetumwa chumvi angeweza kwenda na kurudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Zilikuwa nyumba ndefu za matofali zenye bati lililoota kutu, milango imepangana, na uani mmoja mpana wa kufulia, kupikia na kugombania. Zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa jiji. Babu yangu mzaa baba alikuwa mfagia barabara. Aliingia humo kijana akatolewa humo kwenye jeneza. Baba akabaki na chumba na sebule ile ile, na mimi nikazaliwa humo. Asubuhi tulikuwa tunaamshwa na makelele ya wapagazi wakisukuma mikokoteni, "Oya, pisha! Pisha, mgongo huo!" na upepo ukielekea kwetu ulituletea kila kilichoshushwa sokoni siku hiyo: vitunguu, dagaa, mananasi, magunia mapya. Nilidhani miji yote duniani inanukia hivyo.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Bi Tatu. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini usingejua. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, mshonaji wa kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, ambazo moja huchukua wiki nyingi kukamilika. Msahafu aliusoma vizuri bila kukwama, ila herufi za shuleni hakuwahi kufundishwa. "Haya maandishi yenu yanaanzia upande usio wenyewe," alikuwa ananiambia, "ndiyo maana mnafika mwisho hamjui mlikotoka." Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo nikitoka shule nilipitia kwake kwanza kumtungia nyuzi kwenye sindano, nyingi, azichomeke kwenye mto tayari kwa kesho. Mumewe alifia kwenye chumba kile. Kila mtu aliyemgusia habari za kuhama alimjibu neno moja, "Mimi hapa natoka nimebebwa."

Pembeni ya kota, kwenye nyumba ya mwisho, alikaa Baba Neema. Alitoka Kilimanjaro, akafungua duka dogo kwenye dirisha la sebule yake. Sikumpenda. Hakutoa peremende ya nyongeza hata siku moja, na ulipomwomba akufungie sukari alisoma kwanza gazeti lote la kufungia, mpaka matangazo ya vifo, wewe umesimama juani. Wakubwa walimwita mtu wa kuja. Watoto tulimwita Hakimu.

Niliyempenda alikuwa Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Chambuso. Alivaa kaunda suti iliyonyooshwa mpaka ikang'aa, na alijua jina la kila mtoto wa kota, hata wale wachanga. Niliposhika namba moja darasani aliniita kwenye mkutano wa wakazi, akanisimamisha juu ya kiti, akasema, "Huyu mtoto wa Baba Zena mtakuja kumsalimia ofisini." Watu wakapiga makofi. Baba, ambaye alikuwa kibarua bandarini na hakuwa mtu wa kuonyesha meno ovyo, siku ile alicheka mpaka nikaona pengo lake. Tangu hapo nilikuwa tayari kumfanyia Mzee Chambuso lolote.

Mwaka ule mambo yalianza kuharibika, tena yaliharibika kwa zamu. Kwanza likaacha kuja gari la taka. Jalala likavimba mpaka likafunga njia ya kwenda msikitini, na sisi watoto tukapata mlima wa kuchezea. Mimi nilidhani dereva wa gari lile anaumwa. Nikamwombea dua kila nikilala. Halafu chemba ya maji machafu ikafumuka uani, yakatiririka mbele ya mlango wa Bi Tatu, akawa anapita juu ya matofali mawili akiwa amekunja kanga. Halafu bomba likakauka. Halafu taa ya barabarani ikazimika, vibaka wakahamia chini yake.

Kila wazazi wetu walipokwenda kulalamika, Mzee Chambuso aliwasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nimeandika barua," alisema. "Wakubwa wanalijua. Vumilieni, jamani. Kuna jambo zuri linakuja, siruhusiwi kulisema bado."

Baba Neema peke yake ndiye aliyejibu. Nakumbuka alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mkutano, mikono nyuma. "Mwenyekiti, mtaa wa pili taka zinazolewa. Bomba lao linatoa maji. Sisi tunaachwa tuoze kwa makusudi, ili kesho waje waseme nyumba zenyewe mbovu."

"Baba Neema," Mzee Chambuso alimwambia kwa upole, "wewe una duka. Sisi wengine tuna roho tu. Tuache tutumaini."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwona Hakimu ni mtu mwenye kinyongo.

Hilo jambo zuri likaja baada ya mvua za masika. Mzee Chambuso aliitisha watu uani, akatangaza kwamba kota zitajengwa upya. Litasimama ghorofa. Kila mpangaji atapewa chumba chake humo humo, chenye choo cha ndani na maji ya kufungulia. Kinachotakiwa ni wakazi halali wajulikane, ili wasije watu wa pembeni wakajipenyeza. Akinamama wakapiga vigelegele. Mama yangu, aliyekuwa anashona nguo kwa cherehani ya kukanyaga barazani kwetu, alisimamisha mguu, akaweka mkono kifuani.

Kesho yake Mzee Chambuso akaja kwetu akiwa na fomu zilizochapwa. "Baba Zena, niazime mwanao. Mimi mkono wangu unatetemeka, na hizi zinakwenda kwa wakubwa. Huyu ana mwandiko wa karani."

Nilikaa mezani kwake jioni mbili nikijaza majina. Kila fomu ilikuwa na sentensi iliyokwisha kuchapwa, na mahali pa wazi pa jina. Niliandika majina ya kota nzima kwa kalamu ya bluu aliyoninunulia, nikivuta mikia ya herufi kama mwalimu wetu wa Kiswahili. Mke wake aliniletea chai ya maziwa. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku zile.

Kisha tukazunguka mlango kwa mlango, yeye na faili, mimi na kidau cha wino. Wengi walikuwa wanajua kusoma. Waliipitisha macho ile sentensi, wakaona inazungumzia kuachia nyumba, wakauliza, naye akawajibu, "Mnaachia hii mpewe ile. Mtaingiaje kwenye mpya bila kutoka kwenye mbovu?" Wakatia sahihi. Mimi nilikuwa nashughulika na kidau, sikuyafuatilia. Baba alitia sahihi akiwa amesimama, mfuko wa kazini bado uko begani, akiangalia jina lake nilivyoliandika. "Mwandiko wako huu, Zena?" aliuliza. Nikaitikia. Akanishika kichwa. Hakusoma chini ya jina lake.

Baba Neema aliichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma palepale dirishani mara mbili. Akairudisha ikiwa tupu. "Hapa hapajaandikwa popote kwamba kuna chumba nitapewa," alisema. Halafu akanitazama mimi, akanitazama kidau changu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto huyu mnamtia kwenye mambo gani?" Nilimchukia siku nzima.

Mlango wa Bi Tatu tuliufikia mwisho, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia gotini. Alimsikiliza Mwenyekiti, kisha akaacha kumtazama yeye, akanitazama mimi.

"Zena, wewe ndiye uliyesoma. Nisomee. Imeandikwa nini?"

Nikaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Iliandikwa: *Mimi Tatu binti Mfaume nimeridhia kuachia nyumba niliyomo pindi itakapohitajika, bila madai yoyote.* Nayaandika maneno hayo sasa bila kuyatafuta popote, yako kichwani.

Neno lile, *nimeridhia*, sikulijua. Nilijua neno jingine linalofanana nalo. Wiki chache kabla, babu wa rafiki yangu Pili alikuwa amefariki, na Pili alikuja darasani akitamba kwamba baba yake amerithi nyumba, wameachiwa nyumba, watahamia kwao wenyewe. Kurithi. Kuachiwa nyumba. Nikaona maneno yote mawili yako pale kwenye karatasi.

"Bibi!" nilipiga kelele. "Imeandikwa umerithi! Umerithi nyumba! Unaachiwa nyumba, Bibi!"

"Mimi? Nimrithi nani?"

"Nyumba hii hii! Jina lako hili hapa, nimeliandika mimi!"

Nilikuwa naruka. Bi Tatu akamgeukia Mwenyekiti. Na hapa ndipo ninaporudi kila mara. Mzee Chambuso alikuwa amesikia. Alisimama hatua moja kutoka kwangu. Alikuwa mtu mzima, ameishi na karatasi maisha yake yote, alijua tofauti ya kurithi na kuridhia. Angeweza kusema, "Hapana, mwanangu, hujasoma vizuri." Maneno machache tu. Badala yake alitabasamu, akaweka kiganja kwenye utosi wangu, akasema, "Umesikia mwenyewe, Bi Tatu. Mtoto kasoma huyu."

Nikamfungulia kidau. Bi Tatu akatoa kidole gumba, kile chenye sugu ya sindano, nami nikakishika, nikakikandamiza kwenye wino, nikakiweka chini ya jina lake. Kilitoka vizuri, mistari yote inaonekana.

Miezi ikapita. Watu wakaja wakachora alama nyekundu ya mkasi kwenye milango yetu. Shuleni alama ile ilikuwa na maana ya kukosa, nikamkimbilia Mzee Chambuso kumuuliza nyumba yetu imekosa nini. Akacheka sana. Alisema hizo ni za watakaoanza kujengewa. Nikaenda kumpa Bi Tatu habari hiyo, naye akaufuta vumbi mlango wake kwa ncha ya kanga, akikwepa rangi isiharibike.

Walikuja siku ya shule, saa nne hivi asubuhi. Tulikuwa darasani tukasikia ngurumo, mtoto mmoja akaingia akisema kota zinavunjwa. Nilikimbia bila ruhusa. Nilipofika, katapila lilikuwa limekwisha kuula uani. Vyombo vilikuwa barabarani: vitanda, masufuria, godoro letu lenye ramani zangu za utotoni, watu wote wanaziona. Mama alikuwa amekumbatia kichwa cha cherehani yake kama mtoto mchanga. Mgambo walikuwa wamejipanga na virungu. Na mbele yao alisimama afisa mmoja mwenye shati jeupe, na pembeni ya afisa, Mzee Chambuso.

Baba alikuwa mbele ya watu. "Mwenyekiti, si ulisema tutahamishiwa mahali kwanza? Vyumba vyetu viko wapi? Tunalala wapi leo?"

Mzee Chambuso alikuwa anaangalia viatu vyake. Afisa akafungua faili. Nililifahamu lile faili. "Wewe nani? Haya, sahihi yako siyo hii?" Akachomoa karatasi nyingine, na nyingine. "Wote mmekubali wenyewe. Sikilizeni mlichokiandika." Akasoma kwa sauti, kwa ule usomaji wa mtu aliyechoka kusoma kitu kimoja: "Nimeridhia kuachia nyumba niliyomo pindi itakapohitajika, bila madai yoyote. Nimeridhia, yaani nimekubali. Kwa hiyo mnadai nini?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza maana ya lile neno, nikiwa na sare ya shule, barabarani.

Bi Tatu akajitokeza. Alikuwa ameshika mto wake wa sindano. "Mimi sikukubali kutoka," alisema. "Mimi nilisomewa kwamba narithi. Mwenyekiti, ulikuwepo. Mwambie."

Mzee Chambuso akainua uso. Nikapumua. Nilikuwa na hakika, kwa hakika ya mtoto, kwamba sasa anasema, na mambo yote yanarudi yalivyokuwa.

"Mimi sikumsomea mtu hata neno moja," alisema. "Kila mtu alisomewa na mtoto wenu wenyewe. Yule pale."

Akanionyesha kwa kidole.

Sikumbuki nyuso zote zilizonigeukia. Nakumbuka ya baba, jinsi ilivyolegea, kama mtu aliyepigwa na mtu asiyeweza kumrudishia. Hakunipiga, siku ile wala baadaye, nilitamani angenipiga. Nakumbuka Bi Tatu alinisogelea, akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Kumbe hukulijua?"

"Sikulijua, Bibi."

Akanyanyuka, akaenda kufunga mzigo wake.

Nyumba moja tu haikuguswa. Baba Neema alisimama mlangoni na miwani yake, akamwambia afisa, "Nionyeshe karatasi yangu." Hawakuwa nayo. Wakavunja mpaka ukutani kwake, wakamwacha, na nyumba yake ikabaki peke yake kwenye kifusi kama jino la mwisho. Alikwenda mahakamani. Wengine walipotaka kuungana naye waliambiwa hawawezi, wametia sahihi. Mwishowe alilipwa kitu, akahama kwa miguu yake. Sisi hatukulipwa hata nauli ya kubebea vyombo.

Tulikaa kwenye njia ya waenda kwa miguu nyuma ya soko, sisi, Bi Tatu na familia nyingine, chini ya maturubai ya kufunikia magunia. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Halafu ikanyesha. Nikajifunza kuvaa sare nikiwa nimezungushiwa kanga mbili huku watu wanapita wanachagua nyanya. Nikajifunza kuoga kabla hakujapambazuka, kwenye choo cha kulipia, kwa ndoo moja mimi na mama. Wenzangu darasani walianza kuvuta pua nikikaa. Nilinukia kabichi zilizooza na moshi. Watu wa soko waliotufahamu tangu tumezaliwa wakaanza kutupita kama mifuko. Nadhani hilo ndilo lililomuuma baba kuliko mvua. Alikwenda kwenye ofisi za wakubwa huko Posta, mara nyingi, akiwa amevaa shati lake la Idi. Kila ofisi ilimtuma nyingine. Siku moja alirudi akakaa chini akasema, "Leo nimeambiwa nianzie kwa Mwenyekiti wa mtaa wangu." Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena.

Mama akamwendea shangazi, Magomeni. Shangazi alikuwa na vyumba viwili na watoto watano. Akasema tuje. Mama akamwuliza kuhusu Bi Tatu. Shangazi akasema, "Wifi, nawapokea ninyi kwa sababu ni damu yangu. Huyo simjui." Siku tuliyoondoka, Bi Tatu alitusaidia kufunga vyombo. Aliikagua kamba ya cherehani, akaikaza. Alisema atakwenda kwa mtu wake mmoja huko Temeke. Mama alijua kwamba hana mtu Temeke. Nami nilijua. Tuliitikia sote kana kwamba tumeamini, tukapanda kwenye gari la mizigo.

Alibaki pale pale. Baba Neema alimpa kona ya baraza lake mpaka naye alipohama. Baada ya hapo mwenye duka moja la vyombo vya plastiki akamruhusu kukaa kwenye ngazi zake akishafunga. Kofia hakuweza tena kushona. Macho yalikataa na vumbi lilikuwa jingi. Kila Ijumaa akawa anakaa kwenye mstari wa ombaomba nje ya msikiti, yeye aliyekuwa akitoa sadaka kwenye mstari ule ule. Kuna wakati wageni wakubwa walikuwa wanakuja mjini, na jiji likataka kuonekana safi. Gari likapita likiwazoa watu wa barabarani, likaenda kuwatupa nje ya mji, huko kwenye mapori. Bi Tatu alirudi kwa miguu. Ilimchukua siku tatu. Mama alimkuta nyayo zimevimba, amezifunga kwa vitambaa.

Mama alikuwa anampelekea chakula kila Ijumaa. Mimi nilikuwa naumwa tumbo kila Ijumaa. Hilo ndilo jambo langu, la kwangu peke yangu, ambalo siwezi kumsukumia Mzee Chambuso. Mara moja nilitumwa Kariakoo na shangazi nikamwona Bi Tatu kwa mbali, amekaa ameelekeza uso juani. Nikapita barabara nyingine.

Nilikwenda kwake nilipomaliza darasa la saba. Nilikwenda mwenyewe, mchana, sikumuaga mtu. Nikamwamkia. Akaitikia, akanipapasa uso, maana macho yalikuwa yamekwisha, akasema, "Zena. Umerefuka." Nikaanza kulia kabla sijasema nilichojia.

"Bibi, mimi ndiye niliyekutoa."

"Kaa hapa," alisema, akanipisha kwenye boksi lake. "Nikwambie kitu. Siku ile, uliposema narithi, nilimwona yule mtu akiinamisha macho kabla hajatabasamu. Nilijua kuna neno halijakaa sawa. Lakini wewe ulikuwa unaruka, mwanangu. Umeshika karatasi unaruka. Nikasema, nikimkatalia mtoto huyu mbele ya mtu mzima, ataona haya kusoma tena. Nikatoa kidole."

Mpaka leo sijui kama hayo yalikuwa kweli au aliyatunga palepale ili anipunguzie mzigo. Kama aliyatunga, hakunipunguzia. Kama ni kweli, ndiyo kabisa. Nilikaa naye mpaka jua lilipopinda, na tangu siku hiyo chakula cha Ijumaa nilipeleka mimi.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu, hospitali, kwa kifua. Mama akasema msiba utakuwa kwetu. Tulikuwa tumeshapata chumba chetu hapo hapo Magomeni. Watu wa kota wakaja kutoka walikotawanyika, Mbagala, Gongo la Mboto, Kigogo. Baba Neema alikuja na mkewe, wakabeba gunia la mchele, akakaa na wanaume nje, kofia kichwani kwa heshima. Kwenye uwanja wetu wa zamani ghorofa lilikuwa limesimama kitambo. Chini maduka, juu stoo za mizigo. Hakuna hata mmoja kati ya waliokuja msibani aliyekuwa na chumba humo.

Mchana, baada ya mazishi, Mzee Chambuso akaja. Alikuwa amezeeka, kanzu imempwaya, lakini alitembea na ule mwendo wake wa mkutanoni. Hakukaa nje. Alivua viatu mlangoni, akaingia moja kwa moja ndani walikokaa wanawake mkekani, kama zamani alivyokuwa anaingia kila nyumba. Akanijua. Akanyoosha mkono akiwa anasubiri shikamoo yangu.

"Zena! Mwandishi wangu. Poleni sana. Bi Tatu alikuwa mama yetu sote."

Chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza. Mimi nimelelewa na mama ambaye ukisahau kumwamkia hata muuza maji, unafinywa mpaka unakumbuka. Nilimtazama usoni.

"Habari yako," nilimwambia.

Mkono wake ukabaki hewani. Akamgeukia mama, nusu anacheka. "Mama Zena, watoto wa siku hizi! Adabu mmeiacha Kariakoo?"

Nilisubiri kufinywa. Mama alikuwa kando yangu, tasbihi mkononi. Hakuinua kichwa wala hakuniangalia. Alimaliza kwanza kile alichokuwa anakisoma.

"Wanaume wanakaa nje, Mwenyekiti," alisema.

Akasimama pale kidogo, akitafuta kwenye nyuso zetu mtu mmoja wa kumpokea. Mwishowe akageuka, akainama mlangoni, akaanza kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu vya watu wa kota.